Maswali na Majibu: Kuendesha Kiunzi cha Wavuti Nje ya Seva Yake

Barua nne tulizozichagua kwa toleo hili zimeandikwa na watu wanaotumia lugha tofauti za programu, lakini zote zinauliza jambo moja: je, programu ya wavuti inaweza kuchakata ombi na kutoa jibu pale ambapo seva yake ya kawaida haipo? Barua zenyewe tumezifupisha bila kubadilisha maana.

Natunza mfumo wa ankara uliojengwa kwa Django, kiunzi cha wavuti cha Python. Kuna ukurasa unaotoa taarifa ya mwezi ya mteja mmoja, na kila mwisho wa mwezi ninatakiwa kutengeneza taarifa hizo kwa wateja wote usiku, bila mtu kukaa mbele ya kivinjari. Mwanzoni niliandika programu ndogo inayofungua anwani ya ukurasa huo kupitia seva, lakini taarifa kubwa hukatwa kabla hazijakamilika. Nikajaribu kuita fanksheni ya ukurasa moja kwa moja kwa kutumia RequestFactory, nikaambiwa kwamba ombi halina sifa iitwayo user. Nikahamia kwenye Client ya majaribio, nikapewa jibu la 400 (ombi lina kasoro) lisilo na maelezo. Je, jambo hili linawezekana, au ninalazimisha? — Mtunza Ankara

Ndugu Mtunza Ankara, linawezekana kabisa. Vikwazo vitatu ulivyokutana navyo havimaanishi kwamba umepotea njia. Kila kimoja kinakuonyesha kazi ambayo seva, au kiunzi kikiwa nyuma ya seva, kilikuwa kikikufanyia kimya kimya.

Kiunzi cha wavuti, ambacho wengi wetu tunakiita fremuweki, hakisikilizi poti wala hakigusi mtandao. Anayesikiliza ni seva. Kiunzi hukabidhiwa ombi lililokwisha kufunguliwa na kupangwa, kisha hurudisha jibu. Katika Python makabidhiano hayo yana mkataba ulioandikwa, unaoitwa WSGI, ambao Phillip J. Eby aliuweka katika waraka wa PEP 333 mwezi Desemba 2003, na ukarekebishwa kwa ajili ya Python 3 katika PEP 3333 mwaka 2010. Mkataba huo ni mfupi: programu ni kitu kinachoitwa kwa hoja mbili, ya kwanza ikiwa kamusi yenye habari zote za ombi, na ya pili ikiwa fanksheni ya kupokea hali na vichwa vya jibu, na kinachorudishwa ni mfululizo wa vipande vya baiti. Majina yaliyomo katika kamusi, kama REQUEST_METHOD na PATH_INFO, yamerithiwa kutoka CGI, utaratibu wa mwaka 1993 ambao seva ilianzisha programu upya kwa kila ombi na kuipa habari kupitia vigeu vya mazingira. Hakuna kifungu hata kimoja cha mkataba kinachomlazimu anayeita programu awe anasikiliza mtandao. Anayeweza kuijaza kamusi hiyo anaweza kuita.

Tazama jinsi wito wenyewe ulivyo, kwa mteja mwenye namba 118:

```
from wsgiref.util import setup_testing_defaults
from mradi.wsgi import application

mazingira = {
    "PATH_INFO": "/taarifa/118/2024-03/",
    "HTTP_HOST": "ankara.example",
    "HTTPS": "on",
}
setup_testing_defaults(mazingira)

def pokea(hali, vichwa, kosa=None):
    print(hali)

jibu = application(mazingira, pokea)
try:
    with open("taarifa-118.pdf", "wb") as faili:
        for kipande in jibu:
            faili.write(kipande)
finally:
    jibu.close()
```

Hapa hamna poti, hamna soketi, na ombi limepita katika tabaka zote za kati za Django (middleware, vipande vinavyopitiwa na kila ombi kabla ya kuifikia fanksheni ya ukurasa) kama ambavyo lingepita likitoka kwa kivinjari. Maktaba ya wsgiref huja na Python yenyewe tangu toleo la 2.5, na fanksheni yake iliyotumika hapo hujaza funguo ambazo hukuzijaza wewe.

Sasa turudi kwenye jibu la 400. Django hukagua jina la seva lililotajwa katika ombi na kulilinganisha na orodha ya ALLOWED_HOSTS. Client ya majaribio hujitambulisha kwa jina testserver, na majaribio yanapoendeshwa kwa utaratibu wake Django huliongeza jina hilo katika orodha kwa muda. Wewe uliitumia Client nje ya majaribio, kwa hiyo jina halikuongezwa, na ombi likakataliwa kabla ya kuufikia msimbo wako. Ndiyo maana katika mfano nimeandika HTTP_HOST waziwazi. Ukiuacha ufunguo huo, utajazwa 127.0.0.1, na hata pale ambapo ombi litakubaliwa, viungo kamili vitakavyoandikwa ndani ya taarifa vitaelekeza kwenye anwani hiyo, ambayo kwenye kompyuta ya mteja haimpeleki popote. Kosa la aina hii huchelewa kugundulika, kwa sababu aliyetengeneza taarifa akibofya kiungo kwenye mashine yake kinafunguka vizuri.

Ufunguo wa HTTPS nao una sababu yake. Iwapo mradi wako umewashwa mpangilio wa SECURE_SSL_REDIRECT, ombi lisilojitambulisha kuwa salama hujibiwa kwa 301 (elekezo la kwenda anwani nyingine) na mwili mtupu, nawe utapata mamia ya faili zenye ukubwa wa baiti sifuri bila kosa lolote kuripotiwa. Kwa hiyo usiandike faili kabla ya kuikagua hali. Mfano wangu unaichapisha tu ili uione. Katika kazi halisi, chochote kisicho 200 (namba ya mafanikio) kisimamishe taarifa ya mteja huyo na kiandikwe kwenye logi. Tena angalia kwamba setup_testing_defaults huelekeza makosa ya wsgi.errors kwenye kumbukumbu ya muda isiyosomwa na mtu. Ukitaka kuyaona, weka sys.stderr chini ya ufunguo huo kabla ya kuiita.

Kuhusu sifa ya user iliyokosekana: RequestFactory hutengeneza ombi tu, haiendeshi tabaka za kati. Anayebandika user kwenye ombi ni tabaka ya uthibitishaji, na anayebandika session ni tabaka ya sesheni. Kwa kuwa hakuna iliyopitiwa, ombi limefika kwa fanksheni yako likiwa tupu. Unaweza kubandika mwenyewe, kwa kuandika `ombi.user = mtumiaji` kabla ya kuita fanksheni, na nyaraka za Django zenyewe hufanya hivyo katika mifano ya majaribio. Lakini fahamu unachokiacha. Kinga zilizozungushwa kwenye fanksheni yenyewe, kama login_required, zitaendelea kufanya kazi. Kinga zilizowekwa katika tabaka za kati hazitafanya. Ikiwa mfumo wako unatumia tabaka ya kati kumzuia mhudumu mmoja asione ankara za idara nyingine, njia hii inairuka tabaka hiyo bila kukuonya. Njia ya WSGI niliyoonyesha hairuki chochote, ila nayo itakudai uthibitisho kama inavyomdai mtu mwingine yeyote: bila kuki ya sesheni halali katika ufunguo wa HTTP_COOKIE, utajibiwa 302 inayokupeleka kwenye ukurasa wa kuingia.

Mstari wa mwisho wa mfano, `jibu.close()`, ndio unaosahaulika kuliko yote. Mkataba wa WSGI unaiagiza seva iite close baada ya kumaliza kutuma jibu, liwe limefaulu au limekatika. Django hutumia wito huo kutangaza kwamba ombi limekwisha, na tangazo hilo ndilo linalofunga miunganisho ya hifadhidata iliyopitwa na muda pamoja na faili zilizokuwa wazi kwa ajili ya jibu. Kazi fupi ya usiku haitaona tatizo, kwa sababu mchakato ukiisha kila kitu hufungwa. Mchakato unaokaa siku nzima ukisubiri foleni utabaki umeshikilia muunganisho ulionyamaza, hadi hifadhidata iukate yenyewe, na kazi itakayofuata ikaukute umekufa.

Umesema pia kwamba taarifa kubwa hukatwa njiani. Hilo ni kawaida: nginx, seva ya mbele, isipobadilishwa, husubiri sekunde 60 bila kupokea kitu kutoka kwa programu iliyo nyuma yake kisha hukata, na Gunicorn, seva inayoiendesha programu ya Python, humuua mchakato wake ulionyamaza kwa sekunde 30. Saa hizo ziliwekwa kumlinda mtumiaji aliyeko mbele ya kivinjari, na kwa kazi yako hazina maana. Ukiita programu moja kwa moja, zote mbili zinatoweka. Hata hivyo kumbuka kwamba hakuna tena atakayeisimamisha taarifa iliyoingia katika mzunguko usioisha, kwa hiyo weka kikomo chako mwenyewe. Na kama kuna siku ulifikiria kuifungua anwani hiyo kutoka ndani ya ukurasa mwingine wa mfumo uleule, usifanye hivyo: seva yenye mchakato mmoja itajikuta inajisubiri yenyewe.

Baada ya kueleza haya yote, naomba nikuulize swali ambalo nadhani lingetangulia. Je, unalihitaji ombi? Kazi yako inahitaji mteja na mwezi, na inatoa faili. Ombi, jibu, kuki, jina la seva na hali ya 200 ni mambo ya mazungumzo kati ya kivinjari na seva, na hapa havipo vyote viwili. Kwa kadiri ninavyoona, dawa ya kudumu ni kuitoa hesabu ya taarifa kutoka ndani ya fanksheni ya ukurasa na kuiweka katika fanksheni yake, inayopokea mteja na mwezi na kurudisha baiti. Ukurasa utabaki na mistari michache ya kumtambua mtumiaji, kukagua ruhusa, kuita fanksheni hiyo na kufunga jibu. Kazi ya usiku itakuwa amri ya manage.py inayoita fanksheni ileile. Nimeona watu wakitumia wiki nzima kumwigiza mtumiaji wa kubuni, na sesheni yake, na kuki yake, ili tu kufikia mistari 20 ya hesabu ambayo ingehamishwa kwa saa moja.

Kuchakata ombi nje ya seva kunafaa pale unapoutaka mzunguko mzima kwa sababu yake: unapopima mfumo, unapoitoa tovuti yote kama faili za kusomwa bila seva, au unapotaka kujua kwa hakika ukurasa fulani ungempa nini mtu fulani. Taarifa zako za mwezi hazimo humo.

Programu yetu ya Flask (kiunzi kingine cha Python) inahamishiwa kwenye AWS Lambda (huduma ya Amazon inayoendesha msimbo pale tu tukio linapokuja). Msimamizi wangu anasema lazima iandikwe upya kwa kuwa huko hakuna seva ya kuisikilizia. Ni kweli? — Mwenye Haraka

Ndugu Mwenye Haraka, si kweli. Flask hufuata mkataba uleule wa WSGI niliomweleza Mtunza Ankara, kwa hiyo kinachohitajika ni adapta ndogo inayopokea tukio la JSON, kulijaza katika kamusi, kuita programu, na kuligeuza jibu kuwa JSON tena. Adapta za namna hiyo zipo tayari. Mambo yatakayokusumbua ni mengine. Mwili wa ombi usio wa maandishi hufika umesimbwa kwa Base64 na lazima ufumbuliwe kwanza. Ombi na jibu la wito wa papo kwa papo kila moja halizidi MB 6. Na diski huandikika kwenye /tmp tu. La muhimu kuliko hayo, jibu likisharudishwa mazingira ya programu hugandishwa, kwa hiyo uzi (thread) wowote ulioachwa nyuma ili utume barua pepe polepole husimama katikati, na huenda ukaendelea ombi lingine likija au usiendelee kabisa. Zitafute kazi za namna hiyo katika msimbo wenu kabla ya kuhama, mzipeleke kwenye foleni.

Nimeachiwa mfumo wa zamani wa ASP.NET wenye kurasa za .aspx. Tunataka huduma ya Windows itengeneze HTML ya baadhi ya kurasa hizo bila IIS, seva ya wavuti ya Windows. Nimesoma kuhusu CreateApplicationHost, lakini nikiita napata kosa kwamba faili la asembli yangu (msimbo uliokwisha kukusanywa) halionekani, ingawa liko palepale kando ya programu. Lilipoonekana baada ya kuhangaika, mfumo ulifanya kazi dakika chache kisha kitu kikasemekana kimetenganishwa. — Mrithi

Ndugu Mrithi, pole kwa mzigo, na hongera kwa kufika hapo ulipofika, kwa maana njia hii ni halali na imekuwepo tangu .NET Framework ya kwanza ya mwaka 2002. Wabunifu wa ASP.NET ya wakati ule waliitenga injini ya kuchakata maombi na IIS. Ndani ya System.Web kuna fanksheni ya HttpRuntime.ProcessRequest, ambayo hupokea kitu cha aina ya HttpWorkerRequest, na kitu hicho ndicho kinachojibu maswali ya injini: njia ni ipi, vichwa ni vipi, matokeo yaandikwe wapi. IIS hutoa kitu chake. Wewe unaweza kutoa chako, na SimpleWorkerRequest imewekwa ili kukurahisishia.

Chanzo cha kosa lako la kwanza ni kwamba ApplicationHost.CreateApplicationHost huunda uwanja mpya wa programu (AppDomain) ndani ya mchakato wako, na uwanja huo hautafuti asembli pale ilipo programu yako. Huzitafuta katika folda ya bin iliyo ndani ya folda ya tovuti uliyoitaja, au katika hifadhi ya pamoja ya mashine, yaani GAC. Klasi yako unayoikabidhi fanksheni hiyo inaishi katika pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo nakala ya asembli yake inapaswa kuwepo pande zote mbili. Wengi hunakili faili hilo kwenye bin baada ya kila ujenzi, na hakuna ubaya, mradi unakili wenyewe uwe sehemu ya ujenzi, usitegemee kumbukumbu ya mtu. Nakala ya zamani ikibaki upande mmoja utatafuta hitilafu ambayo haimo katika msimbo unaousoma. Kwa sababu hiyohiyo ya uwanja kutengwa, mipangilio inayosomwa ni ya web.config ya tovuti, wala si ya faili la mipangilio la huduma yako.

Kosa la pili linatokana na kukodishwa. Klasi yako hurithi MarshalByRefObject ili iitwe kuvuka mpaka wa uwanja, na vitu vya aina hiyo hupewa uhai wa kukodi: dakika 5 mwanzoni, kisha kila wito huusogeza uhai huo hadi angalau dakika 2 mbele. Huduma ikinyamaza kupita hapo, kitu hutenganishwa, na wito unaofuata huanguka. Andika upya InitializeLifetimeService katika klasi yako irudishe null, na kitu hicho hakitaisha muda.

Sasa nikuonye kuhusu jambo ambalo hujaliuliza, na ambalo linaniogopesha kuliko hayo mawili. SimpleWorkerRequest hujua GET peke yake, na hali ya jibu huitupa: SendStatus yake haifanyi kitu. Ukurasa ukianguka, HTML ya ukurasa wa kosa itaandikwa katika faili lako kama ukurasa mzuri, na huduma itaripoti mafanikio. Rithi klasi hiyo, andika upya SendStatus ili uihifadhi namba, na ukatae kila kisicho 200. Ukihitaji POST au vichwa maalumu, hapo hapo ndipo utakapoandika upya GetHttpVerbName na wenzake. Pia uwe tayari uwanja kuzaliwa upya: mtu akigusa web.config au folda ya bin, ASP.NET huuvunja na rejeleo ulilonalo linakufa, kwa hiyo huduma ijue kulikamata kosa hilo na kuunda uwanja mwingine.

Ukipata siku moja nafasi ya kuhamia ASP.NET Core, iliyotoka mwaka 2016, mengi ya haya hutayahitaji. Huko seva yenyewe ni kipande kinachobadilishwa. Kestrel ni mojawapo tu, na TestServer ni nyingine inayofanya kazi ndani ya kumbukumbu bila poti. Lakini kurasa za .aspx hazihamii huko, kwa hiyo sitakushauri uhame kwa sababu ya kazi hii pekee.

Tunatumia Symfony, kiunzi cha PHP. Tumeandika mchakato unaokaa muda mrefu, unasoma foleni na kwa kila ujumbe unaunda Request na kuita handle ya kernel, yaani kiini cha Symfony. Siku ya kwanza ilikuwa nzuri. Siku ya pili kumbukumbu ilikuwa imejaa, na mteja mmoja alipokea ukurasa wenye jina la mwingine. Tumezima kila kitu kwanza. Tulikosea wapi? — Timu Iliyozima

Ndugu zangu, kuzima ndilo lililokuwa jambo sahihi, na naomba msiwashe hadi mmeelewa, kwa kuwa jina la mtu kuonekana kwa mwingine si hitilafu ndogo.

Wito wenu ni sahihi. Kernel ya Symfony ilijengwa iwe hivyo: handle hupokea Request na kurudisha Response, na baada yake huitwa terminate, ambayo watu wengi huisahau na kazi zilizopangwa kufanyika baada ya jibu hazifanyiki. Kilichobadilika ni mahali programu inapoishi. Chini ya PHP-FPM (njia ya kawaida ya kuendesha PHP nyuma ya seva) kila ombi huanza na vigeu vitupu. Mchakato unaweza kuwa uleule, lakini kila mlichoandika katika kigeu tuli au ndani ya huduma hufutwa ombi likiisha. Waandishi wa PHP wamezoea usafi huo kiasi kwamba hawaoni tena kuwa wanautegemea. Mchakato wenu wa foleni hauna usafi huo, kwa hiyo huduma inayohifadhi mteja wa sasa katika sifa yake, ili isimtafute mara mbili, itamkabidhi mteja huyohuyo kwa ujumbe unaofuata.

Symfony ina njia ya kulishughulikia hili. Huduma inayotekeleza ResetInterface husafishwa kati ya ombi na ombi, na vipande vya Symfony vyenyewe hufanya hivyo. Huduma zenu hazitasafishwa isipokuwa mmeziandikia reset. Pitieni kila klasi mliyoiandika na kuuliza ni sifa gani inabadilika baada ya klasi kuundwa. Zile zinazobadilika, ama zipewe reset, ama, na hili ndilo ninalolipendelea, zisihifadhi chochote: mteja apitishwe kama hoja kutoka fanksheni moja hadi nyingine. Kwa vigeu tuli hakuna wa kuwasaidia, viondoeni.

Kumbukumbu iliyojaa huenda ni ya Doctrine, maktaba ya hifadhidata inayotumiwa sana na Symfony. EntityManager hushika kila kitu ilichokisoma ili kikiombwa tena irudishe kilekile, na katika mchakato usioisha orodha hiyo hukua bila kikomo. Iiteni clear baada ya kila ujumbe. Jueni pia kwamba kosa likitokea wakati wa kuandika, EntityManager hujifunga, na jumbe zote zinazofuata zitaanguka hadi iundwe upya. Wenzenu wa Laravel, kiunzi kingine cha PHP, wana Octane, iliyotoka mwaka 2021, ambayo hunakili programu kwa kila ombi ili nakala hiyo itupwe mwishoni, na hata hivyo huuanzisha mchakato upya baada ya maombi 500 kama haikuelekezwa vingine. Nanyi wekeni idadi yenu. Kuanzisha upya hakutibu uvujaji wa majina, ila kunaizuia kumbukumbu isiwaangushe usiku.

Msidhani tatizo hili ni la PHP. Katika mfumo mmoja wa Python nilioutunza, kazi ya foleni ilikuwa ikiweka lugha ya mteja kwa translation.activate kabla ya kuandaa barua. Django huishikilia lugha hiyo katika uzi mpaka mtu aibadilishe, nami sikuirudisha. Mteja aliyekuwa na lugha iliyoandikwa kwenye akaunti yake alipata barua sahihi. Asiye na lugha alipata lugha ya yule aliyemtangulia katika foleni, na kwa kuwa mpangilio wa foleni hubadilika kila siku, malalamiko hayakufanana hata mara mbili. Nilitafuta kosa katika tafsiri kwa siku kadhaa. Marekebisho yalikuwa kutumia translation.override ndani ya with, ili lugha ya awali irudi yenyewe.

Kabla ya kuwasha tena, fanyeni jaribio hili. Tengenezeni ukurasa wa mteja wa kwanza katika mchakato uliozaliwa sasa hivi, mhifadhi faili. Kisha, katika mchakato mwingine, tengenezeni kwanza wa mteja wa pili mwenye lugha, ruhusa na majira tofauti, halafu mwiteni yule wa kwanza tena, na mhifadhi. Linganisheni mafaili mawili ya mteja wa kwanza baiti kwa baiti. Tofauti pekee inayokubalika ni saa ya kutengenezwa na alama za usalama zinazobadilika kila mara. Herufi nyingine yoyote iliyotofautiana imetoka kwa mteja wa pili, na itawaonyesha huduma ya kufungua. Rudieni baada ya ujumbe ulioanguka kwa kosa katikati, maana hapo ndipo usafishaji unaporukwa mara nyingi.